Posta ya Zohali

Duluth, mwezi wa pili. Ziwa limeganda hadi ukingoni
na watu mia na kumi na wawili wamepanga foleni
nje ya sinema iliyopotewa na herufi mbili mlangoni,
waje kutazama filamu ambayo mwisho wake wanaujua.

Mimi nauza bisi. Nimeiona mara thelathini na moja,
nyingi kwa masikio tu, nikiwa nyuma ya kaunta.

Arvid Kuusisto amekuja na sare ya tarishi wa angani:
koti la mkewe, vifungo vya vizibo vya soda,
mkoba uliojaa barua za kweli.
Anaziandika tangu Novemba, kila mtu apate yake.
Yangu mwaka huu inasema:
*Pete zetu zimefungwa kwa matengenezo.
Tafadhali zunguka nyuma.*

Hadithi yenyewe, ukiisimulia, inakufia mdomoni.
Matarishi watatu na mbuzi
wanapeleka barua moja Zohali.
Chombo chao ni lori la maziwa; kaza macho,
utasoma jina la kiwanda chini ya rangi ya fedha.
Adui ana mkono wa chuma ambao ni glavu ya jikoni.
Kuna mahali nyota zote zinatikisika,
kwa kuwa aliyeshika pazia alipiga chafya.
Barua ya nani? Hatuambiwi.
Ina habari gani? Dakika ya themanini
mbuzi anaila.

Ilipotoka ilidumu siku tisa.
Mhakiki mmoja alisema aliingia na usingizi
na akatoka nao, umeongezeka.
Tena ina ile ahadi ya mwisho, kwa maandishi ya kijani:
*Itaendelea.*
Miaka arobaini. Haijaendelea.

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza,
na hii imejitembeza haswa:
kanda ya video iliyokwaruzika,
kutoka chumba cha chini cha kina Signe
hadi bweni la wanafunzi, hadi meli ya chuma ghafi,
hadi nyumba ya kupanga kule mtaa wa tatu,
ambako mpangaji aliyehama aliisahau kabatini
na aliyehamia, Nhia Pao Vang,
hakuwa na kanda nyingine, wala Kiingereza.

Akajifunza humo.
Sentensi yake ya kwanza kwa mwenye nyumba,
bomba la joto lilipokufa usiku wa Januari,
ilikuwa: *Nahodha, tumebaki na maziwa tu.*
Mwenye nyumba alicheka hadi akaketi kwenye ngazi.
Kisha akapanda na spana.

Usiniulize basi kwa nini watu wanarudi.
Wengine huja kucheka, na wanacheka.
Mvulana wa safu ya pili hajazaliwa filamu ilipokufa
wala ilipofufuka, lakini amejichora ndevu za mbuzi.
Nadhani filamu nzuri hukukalisha ukaitazama;
hii imejaa matundu, na kila tundu lina mtu ndani yake.

Dakika ya hamsini na tatu inafika.
Naacha bisi ziungue, nachungulia.
Ukumbi mzima unasimama, unapiga kelele:
*NAHODHA, TUMEBAKI NA MAZIWA TU!*
Pahoua Vang, safu ya sita, hapigi kelele.
Ameinamisha kichwa kidogo upande mmoja,
kama anayesikiliza, katikati ya sauti mia na ushee,
lafudhi moja iliyokosekana mwaka wa pili sasa.

Saa saba usiku magari hayawaki kwa baridi.
Wanasukumana, wanateleza, wanatukanana kwa kizohali.
Ndani nafagia. Chini ya kiti cha safu ya sita
nakuta bahasha, gundi bado mbichi:
*Bw. Nhia Pao Vang, Zohali, nyumba ya nyuma.*
Si mwandiko wa Arvid.

Nimeitia kwenye mkoba wake, chini kabisa,
na nimeufunga mkoba kwa kamba, mafundo mawili,
maana yule mbuzi simwamini.